Wasifu wa Marehemu Gonga na Chumba Kisichoshika Mtandao

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Gonga, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi uashi na mshonaji. Alisoma shule ya msingi palepale relini, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu stashahada ya mawasiliano katika chuo cha ufundi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yetu, msusi hodari ambaye wateja hawamwachi apumue.

Mwaka 1998 kampuni ya simu ilimwajiri kukadiria jinsi mawimbi yanavyopotea ndani ya majengo, ili ijulikane antena ngapi zifungwe darini, na wapi. Kila ukuta hula sehemu yake, na lifti ndiyo usiseme! Basi kaka alikuwa akiingia nyumba ya mtu, kabla hata hajakaribishwa kiti, keshagonga ukuta asikie kama ni tofali au zege. Jina likamganda.

Sasa, wifi yetu, na mwenyewe ameruhusu lisemwe, alikuwa na wivu wa kugawia mtaa na ukabaki. Alimwonea wivu Mama Mita, mfanyakazi mwenza aliyezunguka na marehemu maghorofani akishika kipimo. Simu ya Mama Mita iliingia sebuleni kwao wakati wa chakula: "Bosi, ghorofa ya nne imeshika vizuri!" Wifi alisusa kula.

"Majengo ya watu yanashika," alilalamika, "chumbani kwangu hata mstari mmoja wa mtandao hakuna! Huko ndiko unakomalizia akili zako zote?"

Marehemu alicheka tu. "Vumilia, mama watoto."

Wifi alivumilia miaka ishirini, roho ikimuuma.

Februari mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa katika hospitali ambayo antena zake walizipanga yeye na Mama Mita, na kila alasiri simu ya Mama Mita ilimfikia kitandani bila kukwaruza. Siku moja wifi alishindwa kujizuia.

"Mtandao wenu mzuri, hongereni. Nyumbani kwangu ulishindwa nini?"

"Sikushindwa," alijibu marehemu. "Tulipojenga nilimwambia fundi azungushie chumba chetu zege nene. Nilikadiria mpaka mawimbi yakaisha mlangoni. Wateja wako walikuwa wanakupigia mpaka tumelala. Nilikuwa nawaonea wivu."

"Wewe? Wivu?"

"Tena mbaya. Nirudishe chumbani kwetu."

Wifi alicheka huku analia, akamrudisha. Kaka alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, alfajiri, ameshikwa mkono na mkewe. Habari ilichelewa kutufikia, kwa sababu wifi hakutoka nje kupiga simu mpaka jua lilipopanda. Hatumlaumu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada yake huyu anayewasomea. Mama Mita yupo nasi, safu ya pili. Viti amepanga wifi mwenyewe.

Watoto walitaka kufunga kifaa cha kuongeza mawimbi chumbani kwa mama yao, asikae peke yake bila simu. Amekataa katakata.

"Anayenitaka," amesema, "aje agonge."

Mungu ampe kaka yetu pumziko lisilokatizwa na simu ya mtu.