Bi. Domitila na Mchicha Wenye Matundu

Bi. Domitila Bukuru, bibi shamba wetu, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika mabonde yanayomwaga maji Ziwa Tanganyika. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba furaha si fani yangu.

Alitufikia kutoka Kasulu akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, akapewa pikipiki ambayo aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Katika bonde la nyuma ya Ujiji aliwakuta wakulima wa mboga wakipulizia dawa ya wadudu leo na kuvuna kesho, kisha wakisuuza mabomba mtoni. Mto wenyewe hauendi mbali. Unaingia ziwani palepale watu wanapochota maji na kuvua. Akawafundisha mboji na samadi, akawaonyesha dawa ya mwarobaini, akawabembeleza waache ukanda wa nyasi kando ya mto. Nyasi zipo hadi leo, na mabomba hayasuuzwi tena mtoni. Hayo ni mafanikio yake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Dawa hiyo ya mwarobaini aliwahi kuiacha ofisini kwenye jagi. Benedict wa idara ya mifugo, aliyerudi na kiu, alipiga funda moja tu. Tangu siku hiyo huuliza kwanza, hata akikaribishwa maji.

Jambo lililomkaa moyoni, hata hivyo, aliligundua mezani. Wakulima walipomkaribisha chakula, mchicha ulikuwa mtamu kupita kiasi. Akaja kufahamu kwamba karibu kila kaya ina matuta ya aina mbili: la sokoni, linalopuliziwa dawa, na la nyuma ya jiko, la watoto na wageni, lisiloguswa na dawa. Hakugomba. Alianza tu kuomba apikiwe mboga ya tuta la sokoni, na wenyeji wakawa wanasingizia kwamba chumvi imeisha. Alituambia mara nyingi kwamba atastaafu kwa amani siku mkulima mmoja atakapompakulia mboga ya sokoni, wakala pamoja.

Tumaini lake lilikuwa Kuruthumu, mkulima wa bonde hilohilo. Mume wake, Musa, alibeba bomba mgongoni kwa miaka mingi, kifua wazi, pua wazi. Mikono ikaanza kutetemeka, kifua kikabana, akatutoka kabla mtoto wao wa mwisho hajaanza shule. Madaktari hawakusema kwamba ni dawa ile, na Bi. Domitila hakuwahi kusema wasichokisema madaktari. Alikwenda msibani, na baada ya msiba akaendelea kwenda, akishika jembe pamoja na mjane. Kuruthumu akaapa kwamba bomba halitakanyaga tena shamba lake.

Msimu wa kwanza mchicha wake ulirudi nyumbani na ungo wake. Wadudu walikuwa wameutoboa, na wateja hawataki jani lenye tundu. Bi. Domitila alinunua alichoweza, akatugawia ofisini, nasi tukamtania kwamba anatulisha mabaki ya viwavi. Alicheka pamoja nasi. Leo najiuliza alikuwa anacheka nini.

Ijumaa iliyopita, kwenye hafla ya kumuaga, Kuruthumu alileta sufuria kubwa la mchicha uliotiwa mawese. Matundu yalionekana wazi kwenye majani, na uso wa Bi. Domitila ukachangamka. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ni wa tuta la sokoni. Kuruthumu alimshika mkono kwa mapenzi yote.

"Mama, siku yako kama hii nikulishe wa sokoni? Huo wa nyuma ya jiko."

Watu wakapiga makofi. Bi. Domitila alikula taratibu, akamaliza, akashukuru. Nilikuwa nimeketi kando yake, na chakula kilinishinda. Iliniuma sana kwamba hata kwake bomba lilikuwa limerudi.

Baada ya hotuba sisi watumishi tulishuka soko la Mwanga, kila mmoja akitafuta mboga ya kupeleka nyumbani. Tulichambua mafungu gengeni, tukanunua yenye majani mazima.

Bi. Domitila, asante kwa yote, na utusamehe. Nenda salama Kasulu, ukae na afya njema na miaka mingi, na huko ulime tuta moja tu.