Sairakan Omurzakova na Wekundu wa Ziwa Tuyuk

Kwa mujibu wa Kibali cha Muda cha Kusimamisha Jengo Lisilo la Kudumu katika Ua wa Pamoja wa Wakazi, ambacho ofisi ya mtaa ilikitoa jana baada ya kutuuliza jengo hilo lina milango mingapi ya dharura, hema hili la sufu alimolala dada yangu litasimama hapa hadi leo saa nane mchana, na mimi, Temirkul, mdogo wake wa tumbo moja, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamtoa.

Marehemu Sairakan Omurzakova alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958, wilaya ya At-Bashy, mtoto wa kwanza wa mchunga farasi, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1975, kisha akaenda Frunze, kabla mji huo haujaitwa Bishkek, kusomea viumbe wa majini, na baba akawaeleza majirani kwamba bintiye anasomea udaktari wa samaki, kwa sababu ukweli ulikuwa mgumu zaidi kuueleza.

Tarehe 1 Septemba 1980 aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Ziwa Tuyuk, juu kabisa milimani, ambako maporomoko hayajawahi kuruhusu samaki kupanda, na huko akakaa maisha yake yote na wanyama wadogo kuliko punje ya mtama, ambao wasomi huwaita zooplanktoni na yeye aliwaita wekundu. Walikuwa wekundu kwa sababu jua la huko ni kali na rangi hiyo ndiyo kofia yao, lakini ni kofia ya anasa, maana penye samaki, aliye mwekundu huonekana upesi na huliwa wa kwanza, wakabaki weupe peke yao. Alipima barafu, kina, chumvi na joto, akisema ziwa ni kama nyumba, ukitaka kujua ni nani anaweza kuishi humo, uliza kwanza kuna moto kiasi gani na paka wangapi. Wekundu hao walikula mwani, na ndiyo maana Tuyuk lilikuwa angavu hata ungeona jiwe lililo chini mara nne ya kimo cha mtu.

Tarehe 14 Oktoba 1983 aliolewa na Sadyr, dereva wa kituo, na mwaka 1986 Mungu akawapa binti mmoja, Aizirek, ambaye utotoni aliwaita wadudu hao wadogo zake, na mama yake hakumsahihisha.

Kwa miaka kumi na mmoja alipinga Mpango wa Kuyapa Tija Maji Yasiyotumika, yaani kumwaga samaki Tuyuk, na kila alipopinga wakubwa walimshukuru kwa kuunga mkono. Februari mwaka huu wa 2023 figo zilimlaza hapa Naryn, kwa Aizirek, na kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kushukuriwa, kazi ikaendelea.

Kila mwezi Aizirek alimletea chupa ya maji ya Tuyuk, naye akayatazama kitandani kwa lenzi yake, hiyo ikawa dawa iliyomfaa kuliko zote. Mwezi wa Agosti Aizirek alifika ziwani na kukuta yaliyolipata. Kwetu habari ya msiba haibamizwi usoni mwa mgonjwa kama mlango, husubiri wazee waje kuiangua taratibu, ndiyo desturi tuiitayo uguzuu, kwa hiyo binti akajaza chupa katika bwawa lililo chini ya maporomoko, tukakubaliana sote kunyamaza.

Dada alitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, hawa ni weupe,” alisema. “Hawa wamelelewa na samaki. Wangu wako wapi?”

Aizirek akasingizia mwanga wa dirisha, Sadyr akasingizia lenzi, mimi nikatoka kutafuta chai ambayo tayari ilikuwa mezani.

“Basi niitieni wazee,” akasema, “niambiwe kama watu wanavyoambiwa.”

Wakaja wawili, wakanawa, wakakaa kando yake na kumshika viwiko, na mzee Moldokul, binamu wa Sadyr, akaanza mbali kama ipasavyo, akauliza habari za majani ya mifugo, akasema hata theluji huuaga mlima, ndipo akamwambia kwamba Tuyuk limetangulia. Dada akageuka ukutani, kama wafanyavyo wanawake wetu waliofiwa, akaimba maombolezo hadi sauti ikamkauka, akiwataja wekundu kwa mavazi yao na utulivu wao, na hakuna aliyeona aibu.

“Nimetangaza vifo vya watu wengi, shemeji yangu,” alisema mzee akijifuta macho, “sijawahi kutangaza vya chawa.”

“Viroboto wa maji, mzee,” alijibu bila kugeuka. “Ukikosea jina mbele ya mfiwa, ni vibaya.”

Hakuomba chupa tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba, na cheti kinataja figo, nasi hatubishani na cheti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Naryn, majirani wa ghorofa zote nne waliotuachia ua na masufuria, wenzake wa kituoni walioshuka kwenye theluji, na wazee waliokubali kufanya uguzuu ambao haumo katika kumbukumbu ya ukoo wowote.

Dada, udongo wako uwe hariri.

Na kwa wale mnaouliza kuhusu ziwa, samaki waliwekwa Julai, baada ya chupa ya mwezi huo, wakawala wekundu wote, mwani ukakosa wa kuula, na kufikia Agosti Tuyuk lilikuwa kijani.