Siku Chai Ilipokuja Nikabaki Nimekaa

Bwana asifiwe, watu wa Mwisenge! Asifiwe hata na ninyi mliokosa viti mkasimama dirishani! Naitwa Nyangeta, binti wa kijiji cha Mugeta kule Bunda, na leo nisiposema nitapasuka.

Ndugu zangu, mimi nina shahada ya kilimo. Lakini miaka mitatu baada ya kuvaa joho nilikuwa bado kwa shangazi yangu hapa Musoma, namenya viazi. Na si kwamba sikuitwaga kwenye usaili. Niliitwa! Shida ilikuwa mdomo. Nikiwa na wenzangu naongea kama cherehani, ila mkiniweka mbele ya watu wazima ulimi unalala.

Kwetu binti hasemi wakubwa wakisema. Anainamisha macho, analeta maji ya kunawa, anamimina chai, anaondoka. Sisemi ni vibaya, wazazi wangu wamenilea vizuri. Ila kazi za siku hizi zina usaili wa siku nzima. Mnakalishwa sita mezani, mnapewa tatizo mlijadili, na wasaili wamekaa pembeni na kalamu wanaandika nani kasema nini.

Mwaka jana niliingia kwenye usaili wa namna hiyo. Tumeanza tu kujadili, mlango ukafunguka, chai ikaletwa. Ndugu zangu, mwili wangu ulisimama wenyewe! Nikashika chupa nikammiminia kila mtu. Nikaona hakuna maji ya kunawa, nikatoka kuyatafuta. Nikarudi na jagi na beseni, nikapiga goti mbele ya wasaili mmoja mmoja, wananawa huku wanatazamana. Nilipokuja kukaa, muda wa kujadili ulikuwa umekwisha na sijasema neno hata moja! Mzee mmoja pale alinishukuru sana, akaniuliza kama tunapikaga na harusini.

Chekeni, hata mimi leo nacheka. Siku ile nililia njia nzima. Baba akapiga simu kutoka Mugeta: jaribu mara moja tu tena, ukishindwa rudi nyumbani, habari za kazi ziishe. Nikaanza kuamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye kanifunga mdomo.

Ujumbe ukaja. Shirika linalosaidia wakulima wa Bugwema, nafasi moja, usaili baada ya wiki mbili. Nikauleta kwenye maombi ya akina mama, nikawaomba waniombee kibali. Mama Masatu, mnamjua, muuza sato, akasema kuomba tutaomba, ila na mazoezi utafanya.

Jamani, wale akina mama! Kila alasiri walipanga viti nyuma ya kanisa, wakanipa tatizo, wakabishana kama wako mnadani. Na katikati lazima mmoja alete chai makusudi. Nami nainuka! Siku ya kwanza niliinuka mara tatu. Mama Masatu ananikamata bega.

"Kaa chini, mwanangu! Unanyamazaga hivi, ungekuwa sokoni samaki wako si wangeoza wote? Heshima siyo kunyamaza. Omba ruhusa, halafu sema."

Kisha wananiwekea mikono na kuomba kwa sauti mpaka shingo inaniuma. Siku ya tisa chai ilikuja, nikabaki nimekaa. Nikasema, "Mama zangu, naomba niongee." Vigelegele vilivyopigwa! Bodaboda wawili walisimama kuuliza bibi harusi yuko wapi.

Siku yenyewe ikafika. Tuko sita. Tatizo mezani: kijiji kina lambo moja la maji, wafugaji na wakulima wa mboga wanataka kuuana. Kijana mmoja wa tai alikuwa anaongea kama redio, wengine wanamkatiza, dakika zinakwenda, na mimi kimya. Nikaona kabisa kwamba narudi Mugeta. Hapo hapo mlango ukafunguka. Chai! Chupa tatu!

Ndugu zangu, magoti yalianza kuinuka. Nikashika kiti kwa mikono miwili, nikasema moyoni, Yesu, nikalishe! Na akanikalisha! Nikafungua mdomo: "Wenzangu, naomba niongee. Hatujauliza ng'ombe wanakunywa saa ngapi."

Yule wa tai akanigeukia. Nikaendelea, maana ng'ombe nimewachunga mimi. Ng'ombe hunywa mchana jua likiwaka. Wa mboga humwagilia asubuhi na jioni. Hawa hawagombanii maji, wanagombania bustani zinazokanyagwa njiani. Wapeni ng'ombe njia yao na birika lao la kunyweshea, ugomvi unapungua. Wenzangu wakaanza kuongezea, yule wa tai akachora ramani, kisha wote wakasema mimi ndiye niwasilishe kwa wasaili. Nikasimama, nikawatazama wale wakubwa usoni, nikasema mpaka nikamaliza. Chai kila mtu alijimiminia mwenyewe, na hakuna aliyekufa!

Baada ya siku tano simu ikaita. Kazi nimepata! Haleluya! Jumatatu naanza Bugwema!

Nikampigia baba. Akauliza, "Ulisema nini huko?" Nikamweleza habari ya lile lambo tangu mwanzo. Baba yangu, ambaye nyumbani kwake sijawahi kumaliza sentensi kikaoni, hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Hiyo njia ya ng'ombe waipitishe upande wa juu. Chini kuna tope." Ndugu zangu, baba alikuwa anashauriana na mimi! Nilikata simu, nikapiga magoti jikoni kwa shangazi katikati ya maganda ya viazi, nikamshukuru Mungu mpaka ugali ukaungua.

Asanteni akina mama, asante Mama Masatu, sifa zote kwa Bwana. Na wewe uliyefungwa mdomo, kwako nina neno moja: mwamini Mungu. Hatakuacha peke yako mbele ya wakubwa. Ila mdomo uufungue wewe.

Rhobi, nakuona umejificha nyuma ya mama yako. Uliniambia jana alichokutendea Mungu, na mimi siwezi kukusemea. Njoo, mdogo wangu. Maiki hii hapa.