Mkwezi wa Bububu na Kikao cha Alhamisi

"Mkwezi juuu! Wenye nyua, jisitirini!"

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia. Aliyepiga ukelele huo hapa studio ni mimi, na nimeupiga vibaya. Mwenyewe aliupiga kwa miaka ishirini na tatu, na ukifika mpaka barabarani. Mwenyewe ni Pandu Simai. Pandu Simai, mkwezi wa Bububu, amefariki Jumatatu ya wiki iliyopita kwa homa. Fundi mitambo ananiashiria nitulie kitini. Leo sitatulia.

Kila mkwezi hupiga ukelele kabla hajapanda. Juu ya mnazi mtu huziona nyua zote, na uani kuna wanawake wanaooga, wanaosukana nywele. Ukelele ndio hodi yake. Pandu aliangua nazi. Aligema tembo pia, ile pombe ya mnazi, na tembo alilogema alilinywa mwenyewe. Alikunywa asubuhi, akanywa jioni. Siku moja ya mwaka 1965 alipanda amelewa, akasahau ukelele. Chini yake, Bi Hamda, jirani yake, alikuwa anaoga.

Mume wa Bi Hamda alikuja na panga. Mwanapili, binti yake Pandu, ameniambia hivi: "Baba hakuliogopa panga. Aliogopa pale mama alipomwambia, 'Pandu, leo umeingia nyumba ya watu bila hodi. Tembo limekunyang'anya hata adabu.'"

Miezi mitano hakuna aliyempa mnazi wa kukwea. Pandu akajaribu kuacha tembo peke yake, likamshinda. Akajaribu tena, likamshinda. Mara ya tatu akamwita mlevi mwenzake mmoja, fundi cherehani, wakae uani kwake Alhamisi baada ya alasiri, wanywe kahawa, kila mtu aseme ukweli wa wiki yake. Wakawa wawili. Baadaye wakawa tisa. Siku zile, Mapinduzi bado mapya, watu tisa wakikusanyika, huulizwa wanapanga nini. Pandu alijibu, "Tunapanga kutokunywa mpaka Alhamisi ijayo."

Mwaka 1968 mtu mmoja alikuja kukitafuta kikao hicho. Mtu huyo ni mimi, Khelef Darwesh, mnayenisikia hapa. Nilikuwa nalewa kutwa kucha. Nikapanda gari ya shamba, nikateremka Bububu, nikashindwa kuuliza. Nimuulize nani? Nimwambie, "Samahani, bwana, walevi wanakaa nyumba gani?" Mimi, mtoto wa mjini, wa Mkunazini? Nikazunguka mtaa mara moja. Nikazunguka mara mbili. Mara ya tatu ikaja sauti kutoka juu ya mnazi.

"We bwana wa kofia nyeupe! Nshakuona mara tatu. Umepotelewa na mbuzi?"

"Nnatembea tu!"

"Unatembea kama mwizi wa kuku! Nyumba unayoitafuta ni ile ya mlango wa kijani. Ingia, kahawa iko motoni."

Njia nzima ikacheka. Nilitamani jiwe nimtupie. Nikamwuliza nani kamwambia natafuta nyumba.

"Hakuna. Na mimi nlizunguka hivyo hivyo, ila nlikuwa nazunguka uani kwangu."

Nikaingia. Tangu siku hiyo, miaka mitatu, sijakosa Alhamisi. Hakuna aliyenifunza kutunga, lakini nilimtungia Pandu ubeti, na nausema:

Yuko juu mnazini, kanitazama njiani,
kaniita hadharani, nikaingia nyumbani.

Alinijibu, "Mzuri. Lakini haukwei mnazi."

Sasa Pandu hayupo, na Bi Mwanakheri, mkewe, yumo edani. Nilikwenda kumpa mkono wa taazia, akazungumza nami nyuma ya pazia. Hakuzungumzia msiba wake. Aliuliza, "Wale wenzake wataketi wapi? Uani kwangu wanaume hawawezi kuingia mpaka nitoke. Miezi minne na siku kumi. Wewe, mwanangu, unaweza kungoja miezi minne?"

Alhamisi iliyopita hatukuwa na pa kukaa. Baada ya alasiri miguu yangu ilinipitisha mbele ya nyumba ya tembo mara mbili. Mara ya pili nilisimama. Nilisikia bilauri zikigongana ndani. Nikaondoka mbio, mtu mzima na kanzu yangu, na watoto wakanicheka. Ndiyo jibu langu, Bi Mwanakheri. Siwezi kungoja. Wala fundi cherehani hawezi.

Nyumba tunayo kwetu, na kibaraza tunacho. Lakini nyumbani hawajui. Mama amekuwa akidhani kila Alhamisi nakwenda darsani. Mama, najua redio iko wazi. Niwie radhi. Sasa umejua.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Bi Mwanakheri, Mwanapili na jamaa wote wa Bububu. Mungu amrehemu Pandu Simai. Na wewe unayenisikiliza, mtaani kwako kuna mtu anapita mara ya tatu mbele ya mlango. Fikiri utamwambia nini. Pandu alinitania, lakini alinionyesha nyumba.

Bi Mwanakheri, nakuahidi mbele ya wote wanaosikia. Kesho ni Alhamisi. Kesho baada ya alasiri, na kila Alhamisi mpaka utoke edani, kikao ni kwetu Mkunazini, nyumba ya marehemu Darwesh, mlango wenye komeo lililovunjika. Kahawa itakuwa motoni. Na mimi nitasimama nje, nimwite kila anayezunguka.