Kiti cha Baragumu la Kwanza Hatimaye Kiko Wazi

Bwana Desmond Pargeter, mpigaji wetu wa baragumu la kwanza, anastaafu tarehe 28 Juni baada ya kuitumikia okestra hii kwa miaka thelathini na minne. Safari hii ni kweli. Nasisitiza kwa sababu huu ni wasifu wa tatu wa kumuaga ninaomwandikia. Ule wa kwanza na ule wa pili ulichapwa, keki zikaliwa, machozi yakatutoka, na Jumatatu yake tukamkuta amekaa pale pale, anapaka mafuta vali za baragumu lake.

Kosa si lake peke yake. Okestra yetu ndiyo iliyorekodi muziki wa filamu zote tisa za Wahamiaji wa Zohali. Ya nane ilitangazwa kuwa ya mwisho. Ya tisa ikatangazwa kuwa ya mwisho kabisa. Desmond akisikia "ya mwisho" lazima aipige, ndipo apumzike. Filamu ikipata watazamaji, watayarishaji hugundua sayari nyingine, na Desmond hugundua kwamba bado ana pumzi.

Lahani yake mnaijua. Moshi wa vita unatanda, nahodha anaitazama dunia aliyoihama, na baragumu moja linalia peke yake, polepole. Watu wamefunga ndoa kwa lahani hiyo, na wengine wamezikwa nayo. Wasichojua ni nani aliyepiga muziki wa vita vyenyewe. Mpigaji wa kwanza huwa na msaidizi wa kumpigia sehemu zenye vishindo, ili midomo ya mkubwa isichoke kabla ya zamu yake. Msaidizi huyo ni mimi, Bronwen Tuckett, tangu filamu ya nne. Vyombo vikilipuka huko angani, napuliza mimi mpaka macho yanataka kunitoka. Kukishatulia, Desmond huweka chini kikombe chake cha chai, akaliinua baragumu bila hata jasho. Mchumia juani hulia kivulini, lakini kwetu mchumaji alikuwa mmoja na mlaji mwingine.

Kukaa naye kulitaka moyo. Mchana alikula mkate na jibini na vitunguu vya siki, halafu akashusha pumzi ndefu kando yangu. Maji yanayojikusanya ndani ya baragumu aliyamwaga juu ya kiatu changu, na nilipolalamika alisema, "Si ungevaa buti, mama?" Katika filamu ya tano alisinzia huku mimi nikipigana vita vyake, na mkoromo wake ukaingia kwenye rekodi. Mwongozaji wa filamu akaupenda. Yule mnyama wa pangoni anayewatisha watoto wenu ni Desmond baada ya chakula.

Sifichi, kiti chake nilikitaka. Nilikitaka kwa miaka mingi, nikimeza mate. Mwaka huu hatimaye alipoandika barua ya kustaafu, bodi ikanipa mimi. Nilifurahi kwa wiki moja. Ndipo nikasikia kwamba watayarishaji wa filamu ya kumi wamemwita studioni. Walitaka kuirekodi sauti ya baragumu lake nota moja moja na kuitia kwenye kompyuta, ili lahani ipigwe milele bila mtu kukaa kitini. Nilichemka. Yaani mtu anaondoka, na bado anabaki! Nimsubiri miaka yote hiyo nirithi ubao na miguu minne?

Sikumsemesha mwezi mzima. Nilipiga kama ninayegombana na ukuta. Yeye akawa ananiuliza tu, "Vipi leo, chai huitaki?" Sikuitaka.

Aliyenifungua macho ni Oonagh Tierney, fundi wetu wa sauti, siku moja tukiwa kwenye foleni ya kantini. Aliniuliza kwa nini namnunia mzee wa watu. Nikamwambia. Akanitazama kana kwamba sina akili.

"Kwani hukuambiwa? Alikataa! Mimi ndiye niliyekuwa nimetega vipaza sauti. Wakambembeleza, wakambembeleza tena. Akawauliza, 'Sasa Bronwen atapiga nini?' Wakacheka, wakidhani anatania. Akafungasha baragumu lake akaenda kupanda basi."

Nilimwendea mbio. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nimchukie mwezi mzima bila kusema neno.

"Ulikuwa unapiga vizuri ulivyokasirika," akasema. "Nikuharibie ya nini?"

Ndivyo alivyo. Hata wema wake unakera. Nililia pale pale ukumbini, naye akanipa leso iliyonuka siki.

Watayarishaji wamesalimu amri. Mwezi wa Septemba lahani itapigwa na mtu mwenye mapafu, na mtu huyo atakuwa mimi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Desmond, kwa niaba ya okestra nzima, ahsante kwa muziki, na kwa neno moja ulilolisema nikiwa sipo. Upate afya, usingizi wa mchana, na marafiki wa kuwachosha. Mlango wetu uko wazi, njoo utusalimie siku yoyote. Ila ukija, utafute pa kukaa. Kiti kile kina mwenyewe.