Mama Pasi Anastaafu, na Sisi Bado Tumeduwaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika makao yetu ya watoto, mlezi mkuu anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mama Pasi, maana hakuna kitu asichokipiga pasi: shuka, soksi, hata vitambaa vya mate vya vichanga.

Alianza kwenye chumba cha kufulia, akapanda hadi kushika bweni zima. Watoto waliopata wazazi wa kuwaasili ng'ambo walitoka mikononi mwake wakinukia sabuni, naye akiwasindikiza getini kwa machozi ya furaha. Tuliamini tunatenda wema.

Kisha ikaja ile asubuhi. Binti wa miaka minne alikuwa ameshavaa gauni la safari. Wazazi wake wapya, mume na mke kutoka nje, walikaa mapokezi na mwanasesere. Mara akaingia mama mzazi, mikono imejaa vumbi la kokoto anazoponda. Hakuja kuaga.

"Samahani dada," alimwambia Mama Pasi, "huko shuleni wanafunga lini, nije kumchukua?"

Jamani! Tulipigwa na butwaa. Dole gumba aliweka kwenye fomu za kuasili, lakini alidhani anampeleka mwanawe shule ya bweni. Hakuna aliyemwambia kwamba hatakuwa mama yake tena. Mama Pasi aliketi sakafuni puu, kisha akainuka, akambeba mtoto na kumkabidhi mama yake, mkurugenzi akimfuata nyuma huku anahema.

Wageni walipoelezwa, nyuso ziliwasawijika. Mke alilia. Mume akauliza mama huyu akisaidiwa nini ataweza kukaa na mwanawe.

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe," alijibu Mama Pasi.

Kodi ya chumba, alisema mama, na mahali pa kumwacha mtoto akiwa kazini. Basi! Kumbe tulitaka kumvusha mtoto bahari kwa sababu ya kodi ya chumba.

Tangu siku hiyo msaada unafika moja kwa moja mikononi mwa wazazi, na vitanda vingi bwenini ni vitupu. Mama Pasi huwaonyesha wageni vitanda hivyo kwa madaha.

Asante, dada yetu mkubwa. Tulikuuliza unataka zawadi gani, tukitegemea utasema friji. Ukaomba gari na dereva, uwatembelee wazazi wa wale watoto waliokwisha kupelekwa ng'ambo, uwaambie ukweli. Tulitamani kukutakia mapumziko mema, lakini kesho unabisha hodi kwenye mlango wa kwanza. Mungu akutie nguvu, na huyo atakayefungua.