Mwalimu Lusajo Mwaipaja na Sauti Isiyofika Munanila

Tarehe 30 Juni 2024 Mwalimu Lusajo Mwaipaja anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, ishirini na mitatu kati ya hiyo akifundisha fasihi hapa kwenye chuo chetu cha ualimu, Kasulu. Ameniomba niandike bila kupamba. Nitajitahidi.

Alikuja mkoa huu akitokea Rungwe, akapangiwa sekondari moja huko Kibondo. Asubuhi ya kwanza wanafunzi walimsalimia "Mwakeye," salamu ya Kiha, naye akadhani wamekosea jina lake. Akawasahihisha kwa upole: "Mwaipaja." Wiki nzima wakamwamkia hivyo, "Mwaipaja, mwalimu," wakiamini ndivyo wanavyosalimiana kwao.

Chuoni hakuwa mtu wa ubao. Alisoma hadithi kwa sauti, na wapishi waliacha masufuria wakaja kusimama dirishani. Ukipita leo shule za Buhigwe utawasikia walimu wanaposoma, ukajua mara moja nani aliwafundisha.

Machi 2022, katikati ya muhula, upepo wenye mvua ya mawe uliezua mabweni yote mawili. Wanafunzi wakarudishwa makwao, na uongozi ukatangaza kuwa masomo yataendelea mtandaoni, kupitia kundi la WhatsApp. Mwalimu Lusajo alipinga kikaoni, kisha akatii. Alinunua simu kubwa na laini mpya, ile ya zamani akaizima na kuiweka kwenye droo. Akajifungia stoo ya vitabu, mahali pasipo na kelele, akarekodi. Kwa wiki nane alituma masomo ishirini na manne ya sauti, mengine ya dakika arobaini.

Wanafunzi walikuwa arobaini na watatu. Waliojibu ni ishirini na sita. Wale kumi na saba alidhani wamezembea, akasema hivyo mbele yetu, na muda wa kukusanya kazi ulipokwisha akawaandikia sifuri kwa mkono wake. Kwa kanuni zetu, asiye na alama za muhula hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anaondolewa. Katibu wa kamati ya mitihani nilikuwa mimi. Niliipokea ile orodha nikaigonga muhuri, wala sikuuliza.

Miongoni mwao alikuwamo Veronica Nkunzimana wa Munanila, aliyeongoza darasa muhula uliotangulia. Barua ya kuondolewa ilipomfikia aliomba namba mpya ya mwalimu kwa mwenzake, akampigia. Hakupiga kulalamika, alipiga kuaga. Mwalimu akamuuliza kwa nini hakusikiliza masomo.

"Sauti yako sikuwahi kuisikia, mwalimu," alijibu. "Ilikuwa inazunguka tu."

Kwao simu hunasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, ambako intaneti hutozwa ghali. Bando linakwisha, somo halifunguki. Hayo yote alikuwa ameyaeleza mapema kwa ujumbe mfupi, mara mbili, kwenye laini iliyokuwa imezimwa drooni.

Kesho yake Mwalimu Lusajo alipanda bodaboda hadi Munanila. Alimkuta anapalilia maharage. Akaketi ukingoni mwa shamba na kumfungulia somo la kwanza kwenye simu yake. Veronica alisikiliza lote akiwa amesimama, jembe mkononi.

"Kumbe lilikuwa jepesi," alisema. "Ningeliweza."

Akamshukuru kwa kuja, akarudi kupalilia.

Mwalimu aliiandikia kamati mara tatu, akikiri kosa ni lake kwa kuandika sifuri bila kuwauliza, na kuomba wale kumi na saba wapewe mtihani. Tulimjibu kwa barua moja, mistari minne, kwamba muhula umekwisha kufungwa. Niliiandika mimi. Wawili walirudi baadaye kuanza upya mwaka wa kwanza. Veronica hakurudi.

Mabweni yalipauliwa na madarasa yakajaa tena, lakini tangu hapo Mwalimu Lusajo hasomi kwa sauti. Huwagawia wanafunzi vitabu wakasoma kimya, yeye akitazama nje. Mwaka jana nilimwomba asome siku ya mahafali. Alisema koo lake limechoka, nami nilijua si koo.

Kwa sherehe hii aliomba jambo moja tu: majina ya wale kumi na saba yasomwe ukumbini kabla ya lake. Ombi limekataliwa, kwa maelezo kwamba siku ya furaha isichanganywe na mambo yaliyopita. Hakubishana.

Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa mamia ya walimu uliowalea, na kwa kulibeba peke yako kosa ambalo sisi tulikuwa na sehemu yetu ndani yake, mimi zaidi ya wengine. Uende salama Rungwe. Mungu akujalie afya, na akupe huko utulivu ambao sisi tulikunyima hapa.

Faudhia Khamisi
Idara ya Lugha